Sahani ya Peke Yake

Ukiingia kwenye nyumba ya mgonjwa wa sukari, usitoe simu kwanza. Salimia, kaa pale utakapoonyeshwa, halafu omba kuiona miguu yake. Huku juu Newala watu wanakwenda shambani na kandambili au bila kitu, na mwenye sukari anaweza kuchomwa na mwiba asisikie. Angalia nyayo, angalia katikati ya vidole. Mtu akishakuonyesha nyayo zake zenye vumbi, hata kukwambia amekula nini haoni tena aibu kubwa.

Nawaandikia ninyi mnaopokea simu hizi sasa. Nimeifanya kazi hii miaka sita, katika vitongoji vya Mkunya mpaka njia ya Chilangala. Simu nimeirudisha zahanati, kwa sababu sasa wanataka vijana waliomaliza kidato cha nne, na mimi niliishia darasa la saba. Sikuona vibaya. Lakini muuguzi wetu, Mama Tumaini, aliniambia nisiondoke na ninachokijua, nikiandike hata kama nitachukua mwezi mzima. Nimechukua miezi miwili.

Kwanza mjue nilivyoipata kazi. Mimi ni Mmakua wa Masasi. Nilipanda huku kumsaidia mjomba wangu kupulizia mikorosho dawa, naye akafariki mwaka wa pili. Nikabaki kwenye nyumba yake, maana shamba lilihitaji mtu. Kimakonde nilikuwa nakisikia nusu, na kuzungumza sizungumzi. Siku ya mkutano wa kijiji waliambiwa anatakiwa mtu mwenye simu ya kupangusa, anayejua kusoma, asiyetangaza maradhi ya watu. Mzee mmoja akasema, "Si yupo yule Mmakua wa marehemu? Yule haongei na mtu." Watu wakacheka, nikaandikwa jina. Ukimya wangu ndio ulionipa kazi, na ukimya huohuo ulikaribia kumuua mtu.

Programu yenyewe mtaifundishwa. Unafungua jina la mgonjwa, unachagua picha ya chakula alichokula na kiasi chake, kidogo, wastani au kingi. Mwisho inatoa rangi. Kijani ni vizuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Zamani picha zilikuwa chache. Ugali wa muhogo haukuwemo, nikawa naandika wa mahindi. Ming'oko haikuwemo, ingawa ukifika msimu wake watu wanaichimba porini na kuila kila siku, nikawa naandika viazi. Mbaazi zilikuwemo, lakini picha yake ilikuwa nyeupe mpaka mgonjwa wangu mmoja, Mama Salima, akaniuliza kama hizo ni dawa za minyoo.

Huyo Mama Salima ndiye aliyenifundisha habari ya mabibo. Ulikuwa msimu wa kuokota korosho, sukari yake inatoka juu siku tatu mfululizo akienda kupimwa kidoleni kule zahanati, na chakula anachonitajia ni kidogo sana. Nikamfuata shambani.

"Umekula nini leo, mama?"

"Sijala kitu tangu asubuhi, mwanangu. Nimeamka na maji tu."

Kanga yake ilikuwa na madoa ya mabibo kutoka kifuani mpaka magotini. Mtu anayeokota korosho analifyonza bibo huku anaondoa korosho yake, na moja likiisha anachukua jingine, na kwake hicho si chakula. Chakula ni kile kilichopita jikoni. Sasa msiulize "umekula nini" peke yake. Ulizeni pia umefyonza nini, umetafuna nini, umeonja nini ukipika, umekunywa nini ulipopita kwa jirani. Na madoa ya bibo hayatoki kwenye nguo, kwa hiyo kanga inaweza kukujibu.

Jambo jingine. Ukisema "sukari," watu wanaelewa ile ya kwenye chai. Wataiacha hiyo kwa siku moja, tena kwa majivuno, halafu wanakaa mbele ya mlima wa ugali. Kabla ya simu kuja, Mama Tumaini alikuwa anafundisha kwa mkono. Ugali, ngumi yako moja. Maharage au samaki, kiganja kimoja. Mboga za majani, viganja viwili vilivyojaa. Ngumi ni ya mgonjwa mwenyewe, si ya mumewe. Nilipopewa simu niliona mambo ya ngumi yamepitwa na wakati. Mama Tumaini aliniangalia tu, akasema, "Simu ikizima chaji, ngumi utabaki nayo." Alikuwa mtu wa kusema neno moja na kuendelea kufunga bandeji.

Kazi hii ina upweke wake, sitawaficha. Unatembea peke yako kwenye njia za mchanga, na ukitokea mbele ya nyumba mama anafunika sufuria. Watu hawakuchukii, lakini ukipita wanaacha kutafuna. Jioni unapanda kwenye kichuguu karibu na shule ili upate mtandao, unatuma taarifa za watu kumi na wawili, unajua wote walikula nini, na hakuna hata mmoja anayejua wewe umelala na nini. Mimi nilikuwa nimezoea. Kwa mjomba nilikuwa napika chungu kimoja, nakula nimesimama karibu na moto, nasuuza kijiko, basi. Nimewaambia hivyo ili mwelewe kwa nini kosa langu sikuliona.

Kosa lenyewe nililifanya kwa Baba Zuhura.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkulima wa korosho na muhogo. Bintiye Zuhura ameolewa Tandahimba, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na Mama Zuhura. Sukari yake ilikuwa juu sana alipogundulika, na Mama Tumaini alimwanzishia vidonge vya kumeza asubuhi kabla ya kula. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Wote tulikuwa tunauogopa ule mguu. Aliniambia siku ya kwanza, "Mimi nikikatwa mguu, mikorosho yangu nani atapanda juu kuikatia matawi? Nisaidie, kijana." Nikamwahidi.

Tatizo lilikuwa chakula cha mchana. Nyumba saba za pale wanaume wao wanakula pamoja, kwenye baraza la Mzee Abdu. Kila mke anapika, anapeleka chake, vyakula vyote vinakaa kwenye mkeka, wananawa kwenye beseni moja, wanaanza. Tonge moja kutoka sinia hili, jingine kutoka lile. Hapo utaandika nini kwenye simu? Kidogo, wastani au kingi? Nilimuuliza Baba Zuhura amekula kiasi gani, akanijibu kwa ukweli kabisa kwamba hajui, wamekula mpaka wakamaliza.

Nikamshauri ahesabu matonge. Siku iliyofuata nilikaa mbali kidogo, chini ya paa la jirani, nione. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo lakini midomo inacheza. Mzee Abdu akamwona.

"Mnamwona Baba Zuhura? Anaswali na ugali."

"Nahesabu. Nimeambiwa nihesabu."

"Umefika ngapi?"

"Sita."

"Saba," akasema Mzee Abdu. "Lile kubwa la mwanzo lilikuwa pacha."

Tangu hapo baraza zima likawa linamhesabia kwa sauti, na wakifika kumi wanampigia makofi. Yeye alikuwa anacheka nao mpaka machozi. Hesabu ikapotea, akala zaidi ya kawaida. Nilipofungua simu ikatoa nyekundu.

Hapo ndipo ilinipasa kuvuka uwanja ulio mbele ya baraza, nisalimie wazee, nikae kwenye mkeka, niwaeleze ugonjwa wa mwenzao na namna ya kumsaidia. Nilijua hivyo. Nilitembea mpaka kwenye mnazi ulio katikati ya uwanja, nikawaona wale wazee saba wamenigeukia. Nikasema shikamooni, wakaitika marahaba, nikapita kama nina safari yangu. Nikazunguka nyuma ya nyumba kwa Mama Zuhura.

Nilimwambia ampakulie mumewe sahani yake peke yake, ale nyumbani. Ngumi moja ya ugali, kiganja cha samaki, viganja viwili vya kisamvu, nami nitaandika bila wasiwasi. Na sukari ya chai asiiweke kabisa ndani ya nyumba.

Mama Zuhura alikuwa anapepeta. Akasimamisha ungo.

"Wenzake watasemaje?"

"Watazoea, mama," nikamwambia. Mimi niliyekuwa nakula nimesimama nilimjibu hivyo.

Baba Zuhura alikubali kwa sababu ya mguu. Kuanzia siku ya pili, simu ikatoa kijani. Wiki ile kijani, na wiki nyingine kijani. Kwenye kikao cha zahanati simu yangu ilizungushwa kwa wahudumu wenzangu wa vijiji vingine waone, na mgeni aliyekuja kukagua akaniomba nieleze nimefanyaje. Nilisimama, nikasema "sahani," nikakaa. Walipiga makofi.

Ambacho sikukiona kwenye simu ni hiki. Mama Zuhura alikuwa bado anapeleka sinia lake barazani, maana nyumba haiwezi kujitoa. Sinia likawa linarudi limejaa. Kwao chakula cha nyumba ambayo mwenyewe hakai kukila, nani atakigusa? Mtu huanza na chakula chake mwenyewe, ndipo wenzake wanyooshe mkono. Akila kingine kwa siri ndani, hicho alichowaletea wenzake kina nini? Hakuna aliyesema neno kubwa. Baada ya siku kadhaa Mama Zuhura akaacha kupeleka. Wapo waliosema huo ugonjwa unaambukiza kwa mate. Wapo waliosema Baba Zuhura ameshakuwa mtu wa zahanati. Akipita njiani wanamsalimia vizuri, lakini hawamwiti.

Na mle ndani, yeye alikuwa hali chakula. Anakaa mbele ya sahani, anakata matonge mawili, anafunika. Anaponieleza anasema kidogo, nami naandika kidogo, na programu inafurahi na kidogo. Nilimwona amekonda. Nikafikiri ni mafanikio.

Siku hiyo ilikuwa kama saa tisa mchana. Mama Zuhura alikuwa ameondoka alfajiri na basi la Tandahimba, Zuhura amejifungua. Nilipiga hodi mara mbili. Nikamkuta Baba Zuhura ameegemea mlango wa ndani, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka. Nikamwamkia. Hakuitikia marahaba. Aliniita Hamisi, na Hamisi ni mdogo wake aliyekufa zamani. Sahani ilikuwa kwenye kigoda, imefunikwa, ugali umekauka kingo. Kidonge alikuwa amemeza asubuhi, na tangu asubuhi hajala.

Hili lishikeni, hata mkisahau mengine yote. Mgonjwa wa sukari akitoka jasho la baridi, akitetemeka, akianza kusema maneno yasiyoeleweka, huenda sukari imeshuka mno, na hiyo inaua haraka kuliko iliyopanda. Kama anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari nyingi au chai tamu, palepale, halafu zahanati. Kama hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mumbebe mbio. Mama Tumaini alitufundisha hivyo siku ya kwanza kabisa. Nilikumbuka. Nikaingia jikoni kutafuta sukari, nikafungua kopo moja baada ya jingine. Hakukuwa na hata chembe. Mimi ndiye niliyeagiza itolewe.

Mabibo msimu wake ulikuwa umepita. Jirani wa upande wa pili alikuwa shamba, mlango umefungwa. Palipokuwa na watu ni barazani tu.

Nilikimbia. Sikusalimia. Wazee walikuwa wameshakula, birika la chai liko katikati.

"Sukari," nikasema. "Nipeni sukari, ya Baba Zuhura."

Hakuna aliyeinuka. Mzee mmoja akaniambia taratibu, kama mtu anayemrekebisha mtoto, "Si wewe uliyesema kwake sukari ni sumu?"

"Nilisema. Sasa imemwisha mwilini. Anakufa kule ndani, yuko peke yake, na aliyemweka peke yake ni mimi."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuwaambia. Mzee Abdu hakungoja yaishe. Alibeba birika kwa mkono mmoja na kopo la sukari kwa mwingine, akatangulia mbele yangu akikimbia na kikoi chake, mzee wa umri ule, chai inamwagika mguuni. Tukamkalisha Baba Zuhura. Mzee Abdu alimshika kichwa, mimi nikashika kikombe. Tulikoroga mpaka chai ikawa kama asali. Kikombe cha kwanza nusu kilimwagika shingoni. Cha pili alikishika mwenyewe.

Baada ya muda akatuangalia mmoja mmoja, akatambua. Akamwambia Mzee Abdu, "Umevua viatu kwako ukaja pekupeku. Kuna msiba?"

"Ulikuwa karibu kuuleta wewe. Kwa nini huli?"

Baba Zuhura alijifuta chai shingoni. Akaitazama ile sahani.

"Hakishuki," akasema. "Natafuna, hakishuki. Naiangalia kama chakula cha mfungwa."

"Sisi tulijua umetukinai."

"Nimewakinai? Nimekaa hapa nasikia mnanawa. Nasikia mpaka maji yakimwagwa."

Mzee Abdu alijifanya anatafuta kifuniko cha birika.

Alipelekwa zahanati kwa pikipiki, nami nikafuata kwa miguu. Mama Tumaini alimpima, akamweka mpaka jioni, akampunguzia vidonge, akamwamuru asimeze kama chakula hakipo mbele yake. Halafu akanitoa nje. Nilimweleza yote, hata habari ya mnazi wa kati. Nilidhani atanifokea. Alisema, "Kesho utakwenda barazani. Sitakwenda na wewe."

Nilikwenda kabla ya saa ya kula. Nilikaa kwenye ncha ya mkeka. Niliwaambia ugonjwa huu hauambukizi, si kwa mate wala kwa beseni. Niliwaambia mwenzao hakuwadharau, nilimtenga mimi kwa kuogopa kusema nao. Nilionyesha ngumi, kiganja, viganja viwili. Wakanyoosha ngumi zao na kuzilinganisha, na ya Mzee Abdu ilikuwa kubwa kuliko zote, akasema yeye atakubali kuugua. Tukapatana hivi, na mpaka leo ndivyo ninavyowashauri mfanye popote watu wanapokula pamoja. Ugali wa mgonjwa unafinyangwa na mkewe kama ngumi moja, unawekwa pembeni kwenye sinia lilelile wanalokula wote. Wote wanaanza na mboga. Ngumi yake ikiisha, ameshiba ugali, anaendelea na kisamvu na mazungumzo. Hana sahani, ana upande wake wa sinia.

Rangi haikurudi kijani. Ilikuwa njano muda mrefu, na vipimo vya kidoleni vilishuka polepole. Kidole kile cha mguu hakikupona chote, kilikatwa ncha, mguu ukabaki. Alipanda juu ya mikorosho yake mpaka mwaka jana, kabla sijaiacha kazi.

Lakini nataka niwaambie siku ya kwanza aliyorudi. Sikuwa na ujasiri wa kukaa tena, nilisimama kwenye uwanja kama zamani. Mama Zuhura alileta sinia, akaliweka, akaondoka haraka bila kugeuka. Baba Zuhura akaja nyuma yake, amevaa kanzu kana kwamba ni Ijumaa. Alifika kwenye mkeka akasimama. Wazee walikuwa wamekaa, duara limejaa, hakuna aliyemtazama usoni. Akasimama hapo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Nikaona mkono wake unashika kanzu na kuiachia.

Mzee Abdu akakunja mguu wake mmoja. Aliyekuwa karibu naye akasogea. Nafasi ikatokea, ndogo, ya mtu mwembamba.

Baba Zuhura akakaa. Beseni likapita. Akanyoosha mkono kwenye sinia la nyumbani kwake, akala tonge moja, na mikono sita ikanyooshwa hapohapo.

Nilikuwa nimetoa simu, kazi yangu ilikuwa kuandika kiasi. Lakini walikuwa wameinama wote pamoja, na kutoka pale niliposimama nilikuwa naona migongo tu. Nilingoja mpaka wakanawa. Halafu nikaizima simu bila kuandika, nikashika njia ya kwa mjomba.